Anza na Ila

Bi Mariamu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuzungumza nawe bila shikamoo siwezi, hata sasa ukiwa kaburini. Ningekuwa nakuita kwa redio ungeshanikatiza: "Salamu baadaye, Edina. Anza na ila." Basi hii ni barua, na barua ina nafasi, kwa hiyo nivumilie. Wanao hawajambo. Lameki hajambo, bado anaendesha gari la wagonjwa kwa kuimba tenzi, na bado haimbi vizuri. Paka wako amehamia kwangu na anakula kuliko mimi. Mvua zimeanza wiki iliyopita, na kimetokea kitu ambacho sina mwingine wa kumsimulia akakielewa kama wewe. Nitakifikia. Acha nianzie mbali kidogo, maana tangu uondoke sijakaa nikakueleza chochote, nimekuwa nakulilia tu.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilishuka treni Gulwe na kisanduku cha bati, Kiswahili changu cha kuokoteza, nimeletwa na shangazi kufagia hospitali. Wewe ndiye uliyenitoa kwenye ufagio ukanikalisha chumba cha redio ya upepo. Ulisema una sikio moja tu zima na unataka la kuazima. Ukanifundisha kazi yote: zahanati inaita, gari linatoka, fomu ya safari inajazwa mgonjwa anapochukuliwa na anapokabidhiwa, na kila baada ya miezi mitatu fomu zote zinatengenezewa ripoti inayokwenda mkoani, Dodoma. Nikikosea ulinipiga kofi la mgongo, kisha ukanimiminia chai kwenye kisosi chako mwenyewe. Saba zangu zilikuwa zinakuudhi sana. Ulisema zinafanana na moja zilizovunjika kiuno.

Tatizo letu wawili lilikuwa salamu. Nyinyi watu wa mjini, wajukuu wa waliokuja na misafara, mna uungwana usio na kituo. Mtu hajamaliza kusema alhamdulillahi mmeshamuuliza habari za shemeji. Nasi Wagogo tuna mbukwa yetu, nayo haijui haraka. Ndiyo maana sikuona ajabu yoyote asubuhi ile Musa, mhudumu wa zahanati ya ng'ambo ya korongo linalofurika masika, alipoita. Ulimsalimia, akakusalimia. Ukamuuliza habari za nyumbani, za mashamba, za wagonjwa. Akasema, "Wagonjwa salama, ila..." na redio ikakatika, kwa sababu kulikuwa na mawingu na betri yao ilikuwa inategemea jua. Ukaandika kwenye daftari: salama. Yeyote kati yetu angeandika hivyo. Nani huku kwetu anaanza na ubaya? Hata mwenye msiba ukimpa pole anasema kwetu kwema, ila tumefiwa.

Jioni wanaume wa ng'ambo wakatokea na kitanda cha kamba mabegani, juu yake mama mwenye uchungu, wamelowa mpaka vifuani. Yule mama alipona. Mtoto hakupona. Wewe uliyezalisha nusu ya mji ulikaa kwenye benchi la nje na khanga mdomoni, ukalia bila sauti, nami sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kesho yake ukaita zahanati moja baada ya nyingine ukawaambia wote maneno yale yale. Kwenye redio hii hatusalimiani. Anza na ila. Ikija baada ya salama inachelewa. Ukachukua fomu ya safari, na juu kabisa, kabla ya jina la mgonjwa, ukaandika kwa wino mwekundu: ILA. Watu walinuna, Bi Mariamu, hukuambiwa yote. Walisema umepata sikio bovu na sasa umepata na kiburi. Lakini walikuwa hawajui kwamba utawalipa. Alasiri, gari likisharudi na wagonjwa wako kitandani, ulikuwa unawaita tena mmoja mmoja kuwasalimia, na hapo hakuna mtoto wala mbuzi aliyesahauliwa. Musa alikuwa anasema salamu zako za alasiri zinamaliza betri kuliko wagonjwa wa mwezi mzima.

Halafu ukaipeleka ila yako kwenye ripoti. Wenzetu wa wilaya nyingine ukurasa wa kwanza waliandika safari zilizofanikiwa. Wewe uliandika miito ambayo hatukufika, na kwa nini hatukufika. Daktari wetu mkuu aliguna lakini alisaini, kwa sababu ulikuwa umemzalishia mkewe watoto wote wawili, na mwanamume hambishii mtu aliyemwona akizirai mlangoni pa leba. "Mficha uchi hazai," ulimwambia, naye akacheka kwa aibu. Nilidhani hivyo ndivyo itakavyokuwa siku zote. Sikuwaza kwamba iko siku utakosekana.

Siku ile nilikuja nyumbani kwako na gari, nikashuka na fomu mkononi. Nilikukuta umeegemea ukuta wa uani, jasho linakutoka, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikakuamkia. Hukuitikia. Ulisema, "Ila kifua kinabana, na mkono huu siusikii." Niliandika hivyo hivyo, saba na moja zangu zote zimepinda. Njia nzima Lameki hakuimba. Tulipofika, wauguzi wameshakupokea, machela imeshageuzwa kuingia ndani, ukanishika kidole ukasema, "Marahaba, mwanangu." Mpaka leo nikifika pale mlangoni nalazimika kusimama kidogo. Alfajiri ulikuwa umekwenda. Ninakukosa, Bi Mariamu. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema vizuri zaidi, sina.

Mambo yamebadilika haraka. Sabuni ambayo tulikuwa tunaipangia foleni sasa inauzwa kila kibanda, ya rangi unayotaka. Mgonjwa anachangia matibabu. Mafuta ya gari tunachukua kwenye pampu ya mtu binafsi, na yeye bila karatasi yenye saini hakutolei hata ya kuoshea mikono. Kila ofisi inapunguza watu. Na mkoani walitangaza kwamba magari ya wagonjwa yatagawanywa upya kwa kuangalia ripoti: wilaya ambayo gari lake halionekani kufanya kazi, litapelekwa kwingine.

Ripoti ya kwanza bila wewe ikaangukia wakati huo, na ikaniangukia mimi. Daktari aliniita ofisini. Si mtu mbaya, unamjua. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba ukurasa wa kwanza safari hii uwe wa safari zilizofika, na miito ya ng'ambo ya korongo tuiache. Gari halikwenda, korongo lilikuwa limejaa, kwa hiyo hapakuwa na safari, na kisicho safari hakiandikwi kwenye ripoti ya safari. Ukimsikiliza haraka unaona ni sawa. Lakini miito ile ilikuwa mitatu, yote ya Musa, yote ya masika, na mmoja kati ya wale wagonjwa alikuwa mzee aliyekufa kando ya maji huku Lameki anamwona kwa macho upande wa pili. Ningeachaje kumwandika? Nikimwacha, ni kama hakuita.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa nawaza ufagio. Nilikuwa nawaza kwamba wakipunguza watu, wa kwanza ni yule aliyeanza kwa kufagia. Nilirudi chumba cha redio nikaandika ripoti ya namna yake. Ilitoka safi kweli, inasomeka mpaka raha. Nikaiangalia, nikajisikia vibaya, nikaichana. Nikaandika ya namna yako, hatukufika mbele, na mzee yule wa kwanza kabisa.

Daktari aliisoma amesimama. Akaniuliza, "Wakituchukulia gari, utawabeba wewe mgongoni?"

Nikamwambia, "Daktari, wa ng'ambo wanabebwa mgongoni hata sasa."

Alikaa. Alivua miwani akaifuta kwa muda ambao miwani haihitaji. Kisha akasaini, na akaniambia nifunge mlango nikitoka. Hatukusemeshana siku kadhaa. Nami usiku nilikuwa najilaumu, kwa sababu kama gari lingechukuliwa kweli, wa upande wetu nao wangekosa, na ningekuwa nimewaumiza wote kwa ajili ya ukweli wangu.

Wakaniita Dodoma. Nilivaa viatu vyako vile vyeusi alivyonipa binti yako, vinanibana, lakini nilitaka kitu chako miguuni. Maofisa walikuwa wawili, ripoti yangu mezani. Mmoja alisema ripoti za wilaya nyingine hazina mambo kama haya, sisi tuna nini? Nikamwambia sisi tuna korongo. Mwenzake, kijana mmoja wa Kondoa mwenye sauti ya taratibu, akauliza korongo likijaa ni kitu gani kinavuka. Nikajibu hakuna, isipokuwa treni, kwenye daraja la reli. Akauliza, "Na kiberenge?"

Bi Mariamu, nilijiona mjinga! Miaka yote tumekiangalia kile kigari cha mafundi wa reli kikipita darajani juu ya maji, kimebeba mataruma na sufuria zao za ugali, na sisi tumesimama ukingoni na machela. Tulijua hakiruhusiwi kubeba mtu wa nje, tukaishia hapo. Kijana yule hakuishia hapo. Mkoa ukawaandikia watu wa reli na ripoti yetu ikaambatanishwa, na jibu likaja: maji yakifunga njia, kiberenge kitavusha mgonjwa, mradi mhudumu awe naye na treni isiwe njiani. Gari halikuchukuliwa. Daktari alinisalimia mwenyewe asubuhi ile, akaniuliza na habari za paka.

Sasa nimefika kwenye la wiki iliyopita. Mvua ilinyesha mchana na usiku, korongo likajaa, unajua linavyonguruma. Asubuhi Musa akaita. Hakusema mbukwa. Alisema, "Ila mama ana uchungu tangu jana jioni, mtoto hashuki." Lameki alikuwa ameshawasha gari kabla sijamaliza kuandika. Nikapeleka habari stesheni, wakatuambia njia iko wazi, na msimamizi wa mafundi akaenda na kiberenge mwenyewe.

Mimi nilibaki na redio. Unajua kubaki na redio kulivyo, huna la kufanya isipokuwa kuisikiliza ikikoroma. Nilikunywa chai kwenye kisosi. Niliomba kwa namna yetu, kisha nikaomba na kwa namna yenu, yale machache niliyokariri wakati wa futari uani kwako.

Waliyonisimulia baadaye ni haya. Walimlaza yule mama kwenye godoro juu ya kiberenge, wakamfunika turubai, Musa akakaa naye. Reli ya pale haijanyooka sana, kiberenge kinaruka ruka. Walipofika katikati ya daraja, maji chini mekundu yanakwenda kasi, mama akamshika Musa shati na kumwambia awaambie watu hawa wasimame. Msimamizi akasimamisha. Musa anasema mtikisiko ule ndio uliomaliza kazi, mimi nasema ni Mungu, tumekubaliana kuwa ni wote wawili. Mtoto alizaliwa pale pale juu ya daraja, chini ya turubai, mafundi wa reli wamegeuka wanaangalia upande mwingine kwa heshima. Ni wa kike. Usijivune, hawajampa jina lako. Amepewa la bibi yake.

Lameki aliwapokea upande wetu, akafika nao hapa anaimba mpaka honi ya gari haikuhitajika. Alasiri nilimwita Musa nikamsalimia, mbukwa kwa mbukwa, habari za mahindi, za mkewe, za kila mbuzi, mpaka betri yake ikaanza kulia.

Kesho yake fomu ya safari ikarudi kutoka kwa Daktari, ameizungushia duara na kuandika pembeni kwamba hesabu hazilingani, nisahihishe. Nilikwenda ofisini kwake, nikamwomba anifuate wodini. Alisimama miguuni mwa kitanda cha yule mama, akamwangalia yeye, akaangalia kile kifurushi kifuani kwake. Akaniomba kalamu, akafuta duara lake.

Pumzika, Bi Mariamu. Mungu akutie kauli thabiti na akupe mahali pema, nami uniwie radhi kwa barua ndefu. Ripoti ya robo hii naifunga Ijumaa. Miito ambayo hatukufika itakuwa mbele kama kawaida, ipo miwili, na sitaupunguza hata mmoja maadamu kalamu iko mkononi mwangu, nakuahidi. Na hii ya darajani nayo itakwenda mkoani kama ilivyo, wakidhani ni saba zangu shauri yao:

Waliochukuliwa: mmoja. Waliokabidhiwa: wawili.

Mwanao,
Edina