Nikimsubiri Mkata Kimeo

Kehancha,
Alhamisi, 12 Juni 2025.

Dada yangu mpendwa Priscilla,

Hamjambo huko Takawiri? Magoti yako yanasemaje, na shemeji kile kifua kimepoa? Sisi tunamshukuru Mungu, ila mimi situlii. Tangu asubuhi nakaa, nainuka, nachungulia barabarani, narudi kukaa. Naandika Kiswahili ili mwanao Jacktone akusomee, maana Kikuria mlimnyima. Sammy, yule muuza dagaa wa omena, ataibeba barua kesho akirudi Mbita.

Shida ni mjukuu wangu Mwikwabe. Koo limevimba, anakohoa, mwili moto, na chini ya taya ana vinundu kama maharagwe. Uliponiambia kwa simu nimwite Mzee Obare amkate kimeo, nilikubali mara moja. Si ndicho tulichofundishwa? Kila kikohozi kosa ni la kile kinyama kinachoning'inia kooni. Obare anakuja leo adhuhuri. Caren, mamake mtoto, yuko Ogwedhi anakofundisha. Hajui lolote, na anarudi kesho.

Sasa sikia kinachoninyima raha. Jumamosi Caren alimpeleka mtoto kliniki nami nikawafuata, kwa sababu huyo mkwe wangu hunisimulia mambo nusu nusu. Daktari ni msichana wa Kisii, Bonareri, mdogo hata kwa kitinda mimba wangu. Alishika mkono wangu akauweka kwenye shingo ya mtoto.

"Nyanya, hii uvimbe si adui. Ni askari wa mwili wamekusanyika hapa, wanapigana na vijidudu."

Nikamuuliza, na huo moto je? Akasema joto ni la mwili wenyewe, vijidudu havilipendi. Askari wakishashinda, wengine hubaki wakiikumbuka sura ya adui, na akirudi wanamuwahi. Ndiyo maana ya chanjo, kuwaonyesha adui kabla hajafika. Kimeo hakina kosa, akasema, na kukikata ni kuvifungulia vijidudu mlango. Tumpe dawa ya homa, anywe maji sana, na akishindwa kumeza au kupumua tukimbie naye hospitali.

Dada, nilicheka. Askari gani hao wanaomlaza mtoto kitandani? Lakini maneno yale yamekataa kunitoka. Kila nikimpapasa shingo nawawaza hao askari, hata kuomba nasahau.

Nasikia pikipiki. Ni yeye. Ngoja.

Ameondoka. Naandika haraka, Jacktone avumilie mwandiko.

Obare alikunjua kitambaa chake, kisu ndani. Nikamuuliza kama amewahi kuwaona hao askari.

"Mama, mimi nimekata koo ya watu mpaka meno yangu imeisha. Askari sijaona hata mmoja."

Tukacheka wote wawili. Kisha akamwambia Mwikwabe apanue kinywa, na mtoto, kwa ile adabu niliyomfunza mwenyewe, akakipanua mpaka mwisho.

Hapo nikamwona ndugu yetu Matiko. Unakumbuka siku ile tulipopangwa uani tukatwe vimeo, wewe mbele, yeye katikati, mimi nyuma? Alipanua kinywa hivyo hivyo, maana alikuona wewe hukulia. Alivuja damu hadi jua likazama, nami sikukatwa tena. Wazee wakasema ugonjwa ulimzidi nguvu. Alikuwa na kikohozi tu, Priscilla. Kikohozi!

Nilimfumba Mwikwabe kinywa kwa kiganja changu. Obare nikampa chai na viazi vitamu, akala, akaenda zake amenuna. Mtoto bado ana homa. Pengine nimekosea, sijui. Nazunguka naye nyumba nzima na kikombe cha maji, mpaka ameanza kunikimbia, jambo ambalo jana hakuliweza.

Caren akifika nitamwambia mwenyewe kwamba Obare alikuja. Nisipowahi, mtoto atanitangulia, huyu hana siri.

Nisalimie shemeji, Jacktone, na binti yako Risper na kichanga chake. Mungu awafunike kwa mkono wake, mlale salama na mwamke wazima. Na huyo kichanga akikohoa, dada yangu, usimwite mtu. Mpeleke dispensari.

Matiko alitosha.

Mdogo wako akupendaye hata anapokubishia,
Robi