Kiwanja Hakibebi

Jumatatu, 9 Machi

Nimekagua kiwanja cha ndege saa kumi na mbili na nusu. Pekupeku, kama kawaida. Kisigino hakizami. Nikaenda ofisini, nikamwambia rubani kwenye redio ya upepo kwamba ndege inaweza kutua: kinabeba. Kazi yangu karibu yote ni neno hilo. Mawe ya pembeni yanataka chokaa.

Mkunga wa zahanati ya shamba amempima mke wangu. Mtoto amekingama tumboni. Lazima Paskalina ajifungulie hospitali ya misheni, kule juu Mbulu. Kwa ndege dakika kumi na nane. Kwa Landrova saa sita, barabara ikiwa kavu. Rubani wa misheni atamchukua tarehe 25.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua kubwa. Matrekta ya kupandia ngano yamesimama.

Gidamis, mfugaji wa kijiji cha Getanuwas, amekuja na ng'ombe wake. Njia yao ya kwenda majini imelimwa yote na shamba. Kilichobaki ni kiwanja changu. Wengine huwa nawafukuza. Yeye kila siku anamletea Paskalina kibuyu cha maziwa na hajawahi kuomba kitu. Leo aliomba. Nikamfungulia lango. Walipita katikati kabisa. Niliona kwato zikizama. Nikajiambia jua litakausha.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua tena. Mashimo ya kwato yamejaa maji. Nimeshinda na sepetu. Unafukia kumi, unaona mia. Mjinga mimi.

Jumapili, 15 Machi

Uchungu ulianza alfajiri. Siku kumi mapema.

Meneja wa shamba alimwita rubani redioni. Yuko tayari. Mbingu safi, hakuna wingu. Aliuliza jambo moja tu, na wa kujibu ni mimi.

"Kiwanja kinabeba?"

Nilikuwa nimekitembea mara mbili. Pembeni kisigino kinashika. Katikati, walipopita ng'ombe, nilizama hadi kifundo. Ningeweza kudanganya. Miaka minne ananiamini. Ana watoto. Meneja akanipa redio.

"Hakibebi."

Landrova haipiti kwenye tope hili. Tumempakia Paskalina kwenye tela la trekta, juu ya godoro, chini ya turubai. Gidamis ametufuata kwa miguu. Kila tunapokwama anasukuma. Nilimchukia. Kisha nikajichukia zaidi. Naandika huku tumekwama mara ya tano.

Jumatatu, 16 Machi

Tumefika saa nne asubuhi. Saa ishirini na sita njiani. Paskalina amepasuliwa, yuko hai. Mtoto alikuwa ameshakufa. Wa kiume. Daktari anasema hatazaa tena.

Alhamisi, 19 Machi

Nimerudi kazini. Jua kali tangu juzi. Nimefukia mashimo yote. Sasa kinabeba hata lori. Cha nini?

Jumatano, 25 Machi

Kisigino hakizami. Nimesema kinabeba.

Ndege imemleta Paskalina nyumbani, tarehe ileile tuliyopangiwa. Dakika kumi na nane, nimehesabu kwa saa ya ofisi. Ameshuka taratibu, kanga ya mtoto imekunjwa kwapani. Tairi hazikuacha hata alama kiwanjani.

Jioni aliniuliza kwa nini ndege haikuja siku ile. Nikasema mvua. Ng'ombe sikuwataja. Akaitikia kwa kichwa.

Kibuyu cha Gidamis kilikuwa mlangoni. Paskalina amekunywa nusu, nusu amenibakizia.