Songali Anasahihisha Katuni za Mapenzi

Butembo, tarehe 24 mwezi wa nne 2025

Falonne mtoto wangu,

Pokea salamu za songali wako, dada ya baba yako, ambaye kwa sasa ana mguu mmoja wa nyama na mmoja wa plâtre ya mfupa uliovunjika. Natumaini Pasaka imekukuta mzima huko Beni, na kwamba pale pharmacie unapouza dawa wagonjwa wanakuheshimu. Mimi sijambo. Panawasha tu chini ya plâtre, najikuna kwa rula yangu ya zamani ya darasani.

Wasingya, asante sana kwa tablette. Daktari ameniongezea wiki nne za kukaa, donc, basi, nimeangalia katuni ya kwanza uliyoniwekea, hizi za Wajapani ambazo ninyi vijana mnaziita anime. Miaka thelathini na miwili nimesahihisha madaftari ya darasa la tano, siwezi tena kuangalia kitu bila kukipa cote, yaani maksi. Utanisamehe.

Ile ya mwavuli, basi. Kijana na msichana wanasoma darasa moja, mvua inanyesha, wanajificha chini ya mwavuli mmoja. Hayo ni ya kipindi cha kwanza. Kuna vipindi kumi na viwili. Kijana anafungua mdomo aseme anachotaka kusema, anaufunga. Anafungua, anafunga. Nilihesabu, amefanya hivyo mara ishirini na moja, na kila mara kuna kitu kinamkatiza: treni, kengele, paka. Mwishoni anamwita msichana kwa jina lake tu, bila heshima mbele, na wote wawili wanalia. Nikarudisha nyuma nikidhani nimeruka kitu. Sikuruka.

Conduite, yaani tabia, ninampa kumi na nane juu ya ishirini, kwa sababu hakumgusa mtoto wa watu. Application, yaani bidii ya kazi, ninampa nne. Mvua lakini imechorwa vizuri kuliko inavyonyesha hapa kwetu.

Dereva uliyemtuma alete carte mémoire yenye katuni anangoja jibu hili. Amekataa kiti cha ndani, amekaa kwenye benchi la barazani. Mlango wangu wa jikoni ulikuwa unakwaruza chini tangu mwaka jana, ameomba tournevis, akakaza skrubu, na sasa haukwaruzi. Mwambie aliyemfundisha adabu kwamba nimeona.

Songali wako,
Kavira

---

Beni, tarehe 2 mwezi wa tano 2025

Songali wangu mpendwa,

Shikamoo kutoka kwa mtoto wako. Mguu unaendeleaje? Umeacha kweli kupanda ngazi za kanisa, ao unamdanganya daktari? Mimi ni mzima. Hapa tuko kama unavyosikia kwenye redio, siku nzuri na siku mbaya. Watu wa upande wa Mabalako wanashusha kakao yao kwa haraka kabla vita havijafunga njia, lakini kazi inaendelea.

Nilicheka barua yako hadi patronne wangu wa kazini akaniuliza kama ninaumwa. Mais Songali, umemwonea yule kijana wa mwavuli. Hakuwa mvivu. Alikuwa anaogopa kwamba akisema, atapoteza hata kile kidogo alichonacho, kutembea na msichana hadi kituo cha treni. Mimi ninamwelewa. Ningempa kumi na mbili.

Ndani ya bahasha kuna carte nyingine yenye katuni mbili. Ya kwanza ni ya mkataba, utacheka. Ya pili ni ya hekalu mbili. Hiyo uiangalie polepole, nataka sana kujua unaionaje. Sana.

Dereva anaitwa Lukman. Anaendesha Fuso ya baba yake, mara mbili kwa wiki anafika Butembo, kwa hiyo usiogope kumpa barua wakati wowote.

Mtoto wako,
Falonne

---

Butembo, tarehe 15 mwezi wa tano 2025

Falonne,

Nakusalimu, na baba yako Kambere anakusalimu pia. Alikuja jana baada ya misa, akaona ninaangalia watu wa kuchora wanapendana, akatikisa kichwa akaenda zake. Mguu unakauka. Tuache habari ya mguu.

Katuni ya mkataba: wafanyakazi wawili wa bureau moja wanajifanya mume na mke ili wapewe nyumba ya kampuni. Wali unaopikwa humo unatia njaa, nakubali. Lakini wameishi mlango mmoja miezi sita na hakuna jirani hata mmoja aliyeuliza walifunga ndoa wapi, nani alisimama nao, ukoo gani umemchukua binti wa nani. Ni mji gani huo? Hapa Butembo mama wa pembeni angeyajua yote kabla hawajashusha kitanda kwenye gari. Nimewapa tisa. Wanachekesha, lakini wanaishi kwenye nyumba isiyo na jirani, na mapenzi ya namna hiyo ni rahisi mno.

Sasa ya hekalu mbili, uliyotaka niiangalie polepole. Niliiangalia mara mbili. Msichana anatoka kijiji kinachosali kwa namna moja, kijana kijiji kinachosali kwa namna nyingine. Vipindi nane ni vizuri sana. Wanabishana, wananyamaza, wanarudiana, mama wa kijana ni mtu kabisa, namjua, amekaa mstari wa pili pale kanisani kwetu. Nilikuwa tayari na kumi na saba. Halafu kipindi cha tisa radi inapiga hekalu la msichana, linaungua lote, na kuanzia hapo hakuna swali tena. Anahamia kwa mume wake, maua yanaanguka, wimbo.

Nilizima tablette. Mwandishi amechoma hekalu ili asijibu swali alilouliza mwenyewe. Mwanafunzi akinifanyia hivyo, akinimwagia wino kwenye zoezi gumu, simpi sifuri, namwita mbele. Nimempa tano, kwa ajili ya yule mama.

Leo nimemchinjia kuku dereva wako. Hakumgusa. Amekula bugali na sombe ya majani ya muhogo, basi.

Songali wako,
Kavira

---

Beni, tarehe 17 mwezi wa tano 2025

Songali wangu,

Salamu. Nakuandikia haraka, barua hii ataileta Jumaine mwenye basi, kwa sababu Lukman amerudi hapa na uso wa mtu aliyegonga mbuzi ya watu. Amenieleza. Sikulala vizuri, na tangu asubuhi nimekosea dawa mara mbili, bahati patronne aliona.

Usikasirike, nakuomba. Ninajua kuku wa songali si chakula tu. Ninajua kwamba kwetu mwanaume akikataa kuku wa dada ya baba, ni kama amegeuza mgongo mbele ya ukoo mzima, hata mahari haitajwi tena. Lakini yeye ni Muislamu. Hawezi kula nyama ambayo haikuchinjwa na Muislamu mwenzake. Hakukudharau. Alisema kama ungempikia mawe na sombe angekula mawe.

Basi nimeshasema nusu, niseme yote. Mimi na Lukman tuna miaka miwili. Watu wake wanataka kuja kupiga hodi kuniomba baada ya sikukuu yao ya mwezi wa sita. Papa hajui kitu. Akijua kutoka kwa mtu mwingine, imekwisha. Kwetu songali asiposema, hakuna anayefungua mdomo, na mimi sina songali mwingine. Nilitaka kwanza umzoee. Nilitaka pia uone ile ya hekalu mbili, halafu ukanipa tano.

Naogopa, Songali. Nampenda na ninaogopa. Nijibu hata mistari miwili.

Mtoto wako,
Falonne

---

Butembo, tarehe 23 mwezi wa tano 2025

Falonne,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, plâtre imetoka, mguu uliobaki ni mwembamba na una rangi ya mtu mwingine.

Sikiliza. Wewe una telefone, una forfait ya internet ya kila wiki, unanitumia picha za chakula chako saa yoyote. Ghafla unaanza kuandika barua kwa mkono, na kila barua inapita kwenye gari moja. Nilijua tangu carte ya kwanza. Mlango wa jikoni ulithibitisha tu. Wajapani wanahitaji vipindi kumi na viwili kwa sababu wahusika wao hawana shangazi.

Na jina lake hukunificha. Nimefundisha akina Lukman saba, ninajua wanasali wapi na wanakula nini. Yule kuku nilimchinja kwa makusudi, kwa mkono wangu, Mkatoliki tangu kubatizwa. Ilikuwa interrogation, mtihani wa ghafla. Angekula ili anifurahishe, ningejua kwamba mtu huyu siku moja atakukana wewe pia ili amfurahishe mwingine. Angesema anaumwa na tumbo, ningejua ni mwongo. Alisogeza sahani kidogo, akanitazama, akasema: "Mama, usikasirike. Ile kuku siwezi kuikula, juu hapana Muislamu mwenye aliichinja. Mais sombe naikula yote." Na akaila yote. Yule wa mwavuli hakuweza kusema kitu cha urefu huo kwa saa nne na nusu.

Usifurahi bado. Hiyo ni conduite. Sijaona application.

Ile katuni ilichoma hekalu. Yenu yote mawili yamesimama, kanisa liko pale na msikiti uko pale, na hakuna radi itakayowasaidia. Donc nawapa zoezi. Kila mmoja achukue karatasi yake ajibu swali moja: mtoto akizaliwa, atapelekwa wapi? Msikae meza moja. Msinakili. Nimeshika watoto wengi waliokuwa wananakili, najua majibu yanavyofanana. Karatasi zikifika, nitaamua kama nitafungua mdomo mbele ya baba yako ao nitaufunga.

Songali wako,
Kavira

---

Beni, tarehe 19 mwezi wa sita 2025

Songali wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa ukimya. Gari za kwenda kwenu zilisimamishwa wiki mbili, halafu sikukuu yao, halafu ukweli ni kwamba hatukuwa tayari.

Karatasi zetu ni hizi. Hatukunakili. Mimi nimeandika: atabatizwa, kwa sababu sijui kumwombea mtoto kwa maneno mengine. Yeye ameandika: atakwenda msikitini na babu yake, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na hakulelewa vibaya.

Tulipoonyeshana tuligombana siku tatu. Nilimwambia tubadilishe moja, lolote, ili tufanane mbele yako. Akakataa, akasema: "Tukimudanganya songali leo, kesho tutamudanganya mutoto." Nikalia. Halafu nikaziweka kwenye bahasha kama zilivyo.

Sina la kuongeza. Tumeshindwa zoezi, najua.

Mtoto wako,
Falonne

---

Butembo, tarehe 14 mwezi wa saba 2025

Falonne mtoto wangu,

Nakusalimu sana. Natembea bila fimbo, na wengine hapa nyumbani ni wazima, kwa maana ya mimi na redio.

Unajua kwamba watu wa Lukman walikuja Jumamosi, lakini hujui yote, kwa kuwa nilimkataza akueleze kabla yangu. Nilikuwa nimezungumza na baba yako kwanza, peke yetu, siku nne mfululizo. Alinisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya vifo. Siku yenyewe walikuja kwangu wazee watatu na Lukman, wamevaa kanzu safi, mbuzi wa mahari wamewaacha kwenye gari, wakakaa upande wa dirisha. Ukoo wetu ukakaa upande wa picha ya Bikira Maria.

Nilisimama nikasoma karatasi zenu mbele ya wote, bila kubadilisha neno. Upande wao walikasirika kwa jibu lako, upande wetu walikasirika kwa jibu lake. Walikasirika kwa kiasi kimoja, nikaona kwamba angalau hakuna aliyedanganywa. Nikasema: hawa watoto watagombana juu ya jambo hili miaka mingi, na sijui litaishaje. Lakini wanagombana wakiwa wanatazamana. Ndoa nyingi nilizosimamia mimi hapa hazikuwa na hata hilo, na zote zilikuwa na dini moja.

Baba yako akainuka. Alisema: "Mbuzi ya bale batu haitaingia mu parcelle yangu. Nimemaliza." Akachukua kofia yake akaenda.

Hapo mila yetu ni wazi, lakini watu wameisahau kwa sababu haikuhitajika muda mrefu. Songali ni baba pia, anavaa pagne ya kitenge tu. Baba akikataa kusimama, songali anaweza kusimama. Nikawaambia wazee: "Basi zitaingia mu yangu." Mzee wao mmoja akauliza kama nina hakika, kwa sababu yeye pia ana kaka. Nikasema ndiyo. Mbuzi wamefungwa nyuma ya jikoni kwangu, wanamaliza majani ya maharage. Umeombwa, na umetolewa. Mambo ya padri na ya imamu mtayatembelea wenyewe, milango yote miwili mnaijua.

Nakueleza hili kwa utulivu kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini usidhani ni jambo dogo kwangu. Kambere ni kaka yangu. Tulilala mkeka mmoja utoto wetu wote. Tangu Jumamosi hajanisalimu. Jana kwenye misa wakati wa kupeana amani aligeukia watu wa nyuma. Iliniuma, Falonne, iliniuma hata nikakosa maneno ya Baba Yetu ambayo nimefundisha darasa zima kwa miaka thelathini na miwili. Ningefanya tena. Ninakupenda kuliko ninavyoogopa kukosana naye, nimelijua hilo wiki hii tu, na nina miaka sitini na moja.

Usimwandikie. Mpe muda. Mimi ndiye nitakayekwenda kukaa kwenye benchi lake, na nitakwenda hadi achoke.

Ila kuna jambo moja. Tangu mume wangu afe, kila Jumapili baada ya misa nilikuwa nakula kwa baba yako. Jana nilirudi nyumbani moja kwa moja, nikapika chakula cha mtu mmoja, nikashindwa kukimaliza. Jumapili ijayo njoo. Njoo na Lukman, aje asubuhi, kisu kipo na kuku yuko, atamchinja mwenyewe.

Mama yako na baba yako,
Kavira