Lenzi Zangu Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Fundi aliyekuwa ananisafishia filamu amefunga duka. Kasema filamu hazina wateja tena. Aende salama! Mwaka mzima picha zangu zilitoka na ukungu, wateja wakanirudishia, nikimuuliza anaangalia pembeni. Dawa zake zilikuwa zimechacha, sina shaka.

Basi, sasa ni dijitali. Harusi ya mtoto wa dada ni Jumamosi na mpiga picha ni mimi – nani mwingine? Lenzi ninazo tatu, chuma na kioo kitupu, tangu ujana wangu. Natafuta kamera ya kuzibeba tu. Mke wangu kasema ninunue ile inayojifokasi yenyewe, picha itoke safi bila kuzungusha lenzi. Tangu lini yeye anajua fokasi? Kuna mtu kamtia maneno.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Muuzaji anamchekea kila anayeingia, nimembatiza Tabasamu. Kaniwekea kamera mbili. Ya kwanza inapokea lenzi zangu, ila fokasi nizungushe kwa mkono, kama zamani. Ya pili ina lenzi yake, inajifokasi yenyewe, na zangu haziingii hata kwa nyundo. Mimi nashika ya kwanza, yeye anasukuma ya pili. Eti hii itakupumzisha, mzee wangu. Nipumzike nina nini?

Halafu akasema hizo lenzi tatu za chuma atanitafutia mnunuzi.

Begi langu la lenzi lilikuwa limefungwa, nilimtajia aina tu. Sikumwambia ni tatu. Sikumwambia ni za chuma!

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza mke wangu kama analijua lile duka. “Duka gani tena?” Huku anakunja shati lile lile mara ya pili. Nimezihamishia lenzi kwenye sanduku la nguo, ufunguo uko mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua ya kwanza, ya kujaribu hadi kesho jioni. Tabasamu kabaki na kamera yangu ya filamu kama rehani. Leo hakucheka. Kanionyesha kitaa cha kijani ndani ya tundu la kutazamia: kikiwaka, fokasi imekaa. Nikamwambia mimi nimezeeka kwenye kazi hii, sihitaji taa ya kuniambia ninachokiona.

Nimepiga geti la jirani, kamba ya nguo, paka. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera – ukungu mtupu! Kanipa mbovu makusudi, nirudi mbio kuchukua ya pili. Au lenzi zimebadilishwa? Nimezipapasa ukingoni. Pengo la siku niliyoiangusha moja lipo. Ni zangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimembana mke wangu asubuhi. Hakubisha. Ndiyo, alikwenda dukani, akamweleza Tabasamu habari za lenzi. Nikamuuliza amekatiwa shilingi ngapi. Aliumia, nikamwona. Akavuta kiti, akakaa karibu na dirisha.

“Nipige picha mimi, baba watoto.”

Nikazungusha mpaka nikaridhika. Kitaa hakikuwaka. Nikapiga hivyo hivyo.

“Sasa zungusha mpaka kiwake.”

Hata kitaa anakijua! Nikazungusha, kikawaka, nikapiga. Nikamwonyesha zote mbili. Kasema kwenye picha ya kwanza hana macho wala pua, kwenye ya pili hata uzi wa kitambaa chake unahesabika. Mimi naona ukungu kotekote. Ananidanganya, nikajua.

Nikamgeuzia mgongo, nikazibadilisha mpangilio, nikamuuliza upya. Kaonyesha ile ile. Tena. Ile ile. Nikatoka hadi kwa jirani, mtu asiyemjua Tabasamu wala habari za kamera. Nikamwambia chagua iliyo safi, bila uso wangu kumwonyesha ninachotaka.

Hakufikiri hata kidogo. Ile ile.

Naogopa. Nimeandika, basi. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Duka litafungwa muda si mrefu. Lenzi nimezipanga mezani, kamera katikati. Mke wangu ameshavaa viatu, amesimama mlangoni. Anasema daktari wa macho yuko njia moja na duka, tutapita kwake kwanza. Dada naye kapiga simu: kesho tukutane saa ngapi? Nimesema nitampigia.

Nimemwambia mke wangu asubiri kidogo. Nazitazama tena zile picha mbili, nimezisogeza hadi dirishani kwenye mwanga.

Mimi naziona zinafanana.