Namficha Mume Wangu Inhela

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaumbuka, mimi nauza makaa huku Silanga na nina pumu ambayo mume wangu Wabwire haijui, kliniki walinipa inhela mbili, ya buluu ya kuvuta nikibanwa na ya kahawia ya asubuhi na jioni hata nikiwa mzima, sasa sisi tunaishi chumba kimoja, hiyo ya kahawia nitaivutia wapi asione, na siku jirani yetu Adhis alipotoa yake Wabwire alicheka akasema, "Huyo ashazoea dawa, amekwisha. Bibi yangu hawezi nyonya plastiki," nami nikacheka naye, basi nikaiacha ya kahawia kwa sababu hata sikuiona ikifanya kazi, nikabaki na ya buluu, navutia nyuma ya magunia wateja wakiondoka, zamani ilinitosha lakini siku hizi navuta kila saa na bado nakohoa, hadi Wabwire anauliza, "Mama Ryan, hiyo homa yako haiishi?" Je, niongeze ya buluu, au kuna dawa ya kumeza kwa siri?
Mercyline, Kibera

Mercyline, kifua chako nakihurumia. Uongo wako, hapana. Unatafuta dawa ya kumridhisha Wabwire, na mwenye mapafu ni wewe.

Ya buluu hulegeza misuli iliyobana njia za hewa, ndiyo maana unapata nafuu papo hapo. Uvimbe ulio ndani haiutibu. Huo hupunguzwa na ya kahawia, polepole, nawe umeiacha kwa sababu haikukupa nafuu ya haraka! Kuhitaji ya buluu kila saa si kuzoea dawa. Ni ugonjwa unaokuzidi nguvu, na watu hufa hivyo, inhela ya buluu ikiwa mkononi. Hao wanaocheka huona watu wakivaa miwani kila siku, na sijasikia wakiwaita walevi wa miwani.

Rudi kliniki leo na inhela zote mbili. Sema uliiacha moja, na wakutazame unavyovuta. Uliza kama kuna moja inayofanya kazi zote mbili. Ukishavuta ya kahawia, sukutua mdomo. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ya buluu ikikataa kukusaidia, ukimbizwe hospitali huku ukiendelea kuivuta.

Na jioni mwambie Wabwire. Usimwombe msamaha kwa kuugua. Mfundishe inhela ya buluu inavyotikiswa na kuvutwa, kwa sababu siku utakayokosa pumzi ndani ya chumba hicho, hutakuwa na sauti ya kumweleza.