Dawa Iliyoshikwa kwa Koleo

Tata,

Baba yangu, ulimwacha mwanangu Kalenga akiwa mtoto wa kukimbia. Alikuwa akikuvua kofia yako ya kazini na kujificha nayo chini ya meza, nawe unajifanya humwoni. Jina lako bado analo. Lakini mvua za kwanza baada ya mazishi yako zilimkuta na homa ya uti wa mgongo. Alipopona tulimshukuru Mungu. Tulishukuru mapema mno.

Alianza kutapika asubuhi, kabla hata hajala. Halafu miguu ikawa ya kulewalewa. Kofia aliyofumiwa na Mama ikakataa kuingia kichwani, na macho yake yakawa yanatazama chini tu, kama mtu aliyeangusha kitu. Daktari wa kambi ya mgodi alimpima kichwa kwa utepe, akakipima tena. Akatuandikia twende Kinshasa. Mume wangu alinyimwa ruhusa kazini, basi nikaondoka Kolwezi na Mama: gari-moshi hadi Lubumbashi, halafu ndege. Mama alifumba macho na rozari yake mkononi mpaka tuliposhuka.

Daktari tuliyemkuta kule alisomea Lubumbashi, kwa hiyo alituongelesha Kiswahili. Alisema kichwani mwa kila mtu mna maji. Kila siku yanatengenezwa mapya, na ya zamani yananyonywa na damu. Ile homa ilikuwa imeharibu mahali yanaponyonywa, ndiyo maana yalijaa na kuubana ubongo. Asichojua ni kama mwili wa mtoto ulikuwa ukijifungulia njia wenyewe, polepole, au ulikuwa umeshindwa kabisa. Kama unajifungulia, afadhali kungoja, maana kupasua kichwa nako kunaua. Kama umeshindwa, tusichelewe.

Njia ya kujua ilikuwa kumdunga mgongoni dawa yenye mionzi, ichanganyike na yale maji, kisha waifuate ilikokwenda.

Nikauliza, "Daktari, ni ile ya urani?"

Hakunificha. "Si urani, mama. Lakini ni ya ukoo ule."

Nilikuona mezani kwetu, wewe uliyechimba lile jiwe jeusi la urani miaka mingi kabla hatujahamia Kolwezi. "Hii jiwe iko na moto," ulikuwa ukisema, "lakini moto yake haionekanake." Ukitoka kazini hukuturuhusu kukugusa mpaka uoge. Na kifua kilipokuchukua, hakuna daktari aliyesema ni lile jiwe, wala hakuna aliyesema silo.

Mama hakungoja nijibu. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge.

"Ile kitu ilikulaka bwana yangu. Haitakula huyu mutoto."

Akatoka nje. Nilimfuata, na nakuambia kweli, nilifurahi kwamba amesema yeye. Tukakaa kwenye kiukuta cha saruji. Alimshusha Kalenga, akamenya ndizi, akamnyooshea. Kalenga akapeleka mkono, akashika hewa, pembeni kabisa ya ndizi. Mama akaisogeza karibu. Akashika hewa tena.

"Nkambo, iko wapi?" mtoto akamuuliza nyanya yake.

Mama akaniangalia. "Ngoie," akaniambia, "haoni." Kisha akainuka, akambeba yeye mwenyewe, akamrudisha ndani.

Dawa ililetwa kwenye kisanduku cha risasi, yale madini mazito. Mtu aliyeileta alikuwa na glavu, akaitoa chupa kwa koleo refu, mkono ameunyoosha mbali na mwili wake. Nikapiga kelele. Nilisema kama ni kidogo hivyo, kama haina neno, mbona mnaishika kama nyoka?

Daktari alikuja akasimama kati yangu na meza. "Huyu anaishika kila siku, mama, mwaka mzima. Mtoto wako ataipokea leo tu. Baada ya siku chache nguvu yake inakwisha."

Nilimshika Kalenga magoti na kichwa, wakamkunja kama upinde, sindano ikaingia. Alilia akiniita mimi, nami ndiye niliyemkaza asijitoe.

Baadaye wakamlaza chini ya mashine iliyotembea polepole juu yake, ikienda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Ilikuwa ikilia tik, tik. Ikifika penye dawa, inalia haraka haraka. Nilikuwa mlangoni nikiusikia ule moto wako usioonekana ukipanda mgongo wa mwanangu. Wakamtoa damu mkononi, wakaweka mkojo wake kwenye chupa, kwa sababu maji yakinyonywa vizuri dawa huonekana kwenye damu na kutoka na mkojo. Waliniambia nisimkumbatie sana siku ile. Nilimkumbatia.

Kesho yake wakamrudisha chini ya mashine. Ilipofika katikati ya kichwa ikalia, ikalia, haikutaka kunyamaza. Daktari akatuonyesha karatasi iliyojaa nukta: dawa ilikuwa imeingia ndani kabisa ya kichwa na kukaa pale pale. Kwenye damu ilikuwa haba sana. Mwili ulikuwa umeshindwa.

Walimpasua, wakamwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Mama na mimi tulikaa sakafuni tumeshikana. Alipoamka aliomba kula bukari. Nikalia mbele ya wauguzi wote.

Sasa tuko nyumbani, Kolwezi. Macho yamepanda, ananitazama usoni. Anatembea ameshika ukuta, mguu wa kulia anauburuta, na vitu vya mbali havioni vizuri. Kofia yako hajaiulizia tena, nadhani ameisahau. Mpira unaweza kuziba wakati wowote, walituambia. Basi asubuhi akichelewa kuamka namtikisa, na Mama ananigombeza: "Muache mutoto alale!" Lakini yeye mwenyewe nimemkuta ameinama kitandani, anasikiliza kama anapumua.

Na ile dawa? Daktari alisema imekwisha. Mchana namwamini. Wewe ungeniambia nini, Tata? Hakuna mwingine wa kumuuliza. Wenzako wa mgodi ule wengi wako huko uliko.

Lala, Tata. Kilio cha huku niachie mimi. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kuogopa. Nakuahidi kwamba siku Kalenga akitapika tena asubuhi, sitangoja kuambiwa na mtu. Nitamfunga mgongoni nitetemeke naye njia nzima, lakini nitamfikisha.

Mimi mwanao,
Ngoie