Ukuta wa Chumba cha Mama

Jumanne, 9 Agosti 1966

Nimechota maji. Nimepika uji, Nabwire ameumwaga, nimepika mwingine. Shule imefungwa na bado naamka kengele ya bweni ikilia kichwani.

Mama bado yuko hospitali ya misheni kule Nangina. Baba ni taniboi, msaidizi wa dereva, yuko barabarani na lori, labda Mombasa, labda Kampala. Senge, dada yake Baba, ndiye alikuwa anakaa na Nabwire mpaka nifike. Asubuhi amerudi kwake Rukala kuangalia mtama wake, mto usije ukaubeba. Anasema atakuja tena wiki ijayo. Kwa hiyo tumebaki mimi na Nabwire, na Mama Were wa jirani anayechungulia juu ya ua.

Naogopa. Sina wa kumwambia. Nabwire ana miaka sita.

Naogopa Mama atakufa. Hiyo ni moja. Ya pili naona aibu hata kuiandika. Naogopa atarudi vile alivyokuwa. Tangu yule mtoto azaliwe bila pumzi, mwezi wa nne, Mama alikuwa analala akiangalia ukuta. Likizo ile yote. Ukimwita anageuka, anakuangalia kama mgeni aliyekosea mlango, kisha anarudi ukutani. Homa ilikuja baadaye. Wote wanasema homa, homa. Mimi najua alianza kuondoka kabla ya homa, na alipitia kwenye ule ukuta.

Leo nimelala mahali pake nione alichokuwa anaona. Masizi. Udongo umebanduka, fito zimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Doa la maji kutoka kwenye bati, umbo la mtu aliyeinama. Nimelala kidogo tu, moyo ukawa mzito. Nikatoka mbio hadi uani.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimeamua.

Mwalimu wetu wa mambo ya nyumba alitufundisha kwa Kiingereza kwamba chumba chenye mwanga na mpangilio humpa mgonjwa nguvu. Nilinakili yote. Nikapata alama nzuri. Sikuelewa kitu. Nimeelewa juzi, pale kitandani.

Nitaipaka nyumba yote. Ndani, nje, hata uani. Mama akirudi asipate mahali pa giza pa kuweka macho.

Nimeanza na sebule. Nimetoa meza, viti, kabati la vyombo, picha ya Bikira Maria, kila kitu nje. Sebule tupu ni kubwa, sauti inarudi. Nabwire ameimba humo mpaka nikachoka. Halafu nimelima nyasi zote uani, mpaka kwenye barabara. Nimepanga kuni vizuri kando ya jiko. Mikono ina malengelenge. Sijali.

Udongo mweupe na mwekundu nimechimba bondeni karibu na kisima. Mavi ya ng'ombe nimeomba kwa Mama Were. Akauliza ya nini. Nikasema nataka kupaka nyumba. Akaniangalia sana. Akaangalia uani kwetu, viti vimekaa nje kwa mstari. Akanijazia ndoo, na nilipomshukuru akanikataza, eti kitu kama hicho hakishukuriwi.

Sikuelewa. Mimi ni mtu wa aibu, siulizi.

Ijumaa, 12 Agosti

Leo sikuogopa mpaka jioni. Naandika ili nikumbuke kwamba siku kama hii ilikuwepo.

Mchanganyiko ukiwa sawa, mkono unateleza ukutani kama kwenye siagi. Unazungusha, unazungusha, nyufa zinafunga. Sebule imekauka saa nane. Nimepaka nje mweupe juu, mweusi chini. Mweusi nimeupata kwa betri za tochi za Baba zilizokufa. Nimezivunja kwa jiwe, nikasaga ule unga wa ndani. Nabwire amegeuka taniboi wa pili, uso mweusi, meno tu.

Lori la Salim limepita kwenda Kampala. Salim ni dereva, mtu wa pwani, anamjua Baba. Akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Dada, kuna harusi hapa na hamtuambii?"

Nilijificha nyuma ya ndoo. Lakini nilicheka. Akapaza sauti kwamba amemwacha Baba Eldoret, wanatengeneza gia, na kwamba nyumba yetu sasa imeshinda ofisi ya DC.

Jioni nimeingia chumba cha Mama. Nimekuwa nakiahirisha. Lile doa bado limeinama pale.

Jumamosi, 13 Agosti

Chumba cha Mama. Siku nzima.

Nimebandua masizi kwa kisu. Nimejaza fito udongo, nikapaka mara moja, nikangoja, nikapaka tena. Doa lilijitokeza mara ya kwanza. Mara ya pili halikujitokeza.

Kisha nikachora maua kwa kidole. Udongo mwekundu juu ya mweupe. Si maua ya mahali popote, ni maua tu, kuanzia usawa wa mto wa kulalia, maana ndipo macho yake hufika. Moja limepinda, Nabwire alinigonga kiwiko. Nimetandika shuka lenye vitambaa alivyofuma Mama mwenyewe kabla. Kabla ya yote.

Nilikaa kitandani nikaangalia. Moyo haukuwa mzito. Nimejaribu tena, hivyo hivyo.

Jumapili, 14 Agosti

Kitu kiko vibaya na sijui ni nini.

Kanisani watu walinyamaza tulipoingia. Baada ya misa wanawake wakanipa mkono kwa mikono miwili. Mmoja alimshika Nabwire kichwa akaguna. Mwingine akaniambia nijikaze, mimi ndiye mkubwa. Nikasema ndiyo. Kujikaza na nini?

Mchana wazee wawili wamesimama barabarani wakiangalia uani kwetu. Wamevua kofia.

Jioni Mama Were ameleta sufuria kubwa, ile ya sherehe. Mwingine ameleta mzigo wa kuni, ameuweka juu ya zangu. Hawakukaa. Nilitaka kuuliza, nikawasindikiza tu hadi barabarani.

Nimefunga mlango mapema. Sebule bado tupu, nilitaka sakafu ikauke vizuri. Haifurahishi tena. Inangoja kitu.

Jumatatu, 15 Agosti

Sasa najua.

Senge amefika saa nne, amekuja na basi, khanga haijafungwa sawa, kiatu kimoja mkononi. Alianza kulia tangu barabarani. Kumbe habari imemfikia Rukala: nyumba ya kaka yako inapakwa. Akaniona na ndoo. Akauliza nani ameleta habari. Nikasema habari gani? Akauliza maiti inakuja lini. Nikasema maiti gani? Akaingia sebuleni, akatoka. Akaangalia nyasi zilizolimwa, kuni, viti kwa mstari.

Akaja karibu na uso wangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama yako anapumua, na wewe unamfagilia kaburi?"

Akanieleza, na kila neno lilikuwa jiwe. Mgonjwa akiwa hospitali, boma haliguswi. Linaachwa hivyo hivyo alivyoliacha, mpaka arudi kwa miguu yake. Watu hulima uani siku wanajua waombolezaji wanakuja, wapate pa kukaa. Hutoa meza sebuleni ili jeneza lipate pa kuwekwa. Hupaka ukuta ili wageni wa kilio wasione aibu ya nyumba. Mtoto mdogo anajua hayo.

Mimi sikujua. Kukhu, nyanya yetu, alipokufa nilikuwa bwenini. Nilipofika nilikuta watu wamejaa, nyumba nyeupe, nikafikiri imekuwa nyeupe hivyo siku zote. Nimejifunza kutandika kitanda kwa pembe za mraba. Hili hakuna aliyenifundisha, kwa lugha yoyote.

Nimemwita. Nimemwita Mama afe.

Jumanne, 16 Agosti

Tumeharibu.

Senge amesema labda bado kuna nafasi, boma lionekane halingoji mtu. Tumerudisha meza na viti, vikikaa ovyo ndiyo vizuri. Tumetawanya kuni. Sufuria imerudi kwa Mama Were, naye akaipokea bila kuniangalia. Senge amejaza ungo maganda ya mahindi akayamwaga uani nilikolima, akaongeza majivu, akaongeza manyoya ya kuku. Mtu mzima anachafua uani kwa bidii kama anapanda mbegu. Nabwire alicheka, akapigwa kofi. Ukuta wa nje amekwaruza kwa jembe, umebaki na madoa, lakini ule weupe haufi. Ukiwa barabarani bado unauona.

Senge hajaingia chumba cha Mama. Mlango niliufunga. Aliniuliza kama na huko nimepaka.

Nikasema hapana.

Nimeandika. Sasa kiko hapa. Nimesema hapana, na maua yako pale ndani.

Alhamisi, 18 Agosti

Siwezi kula. Nikila naona natafuna udongo.

Mwuza samaki mmoja amepita akasema ameona lori la kina Baba limesimama Nangina, kwenye lango la hospitali. Lori. Wagonjwa wanaopona hurudi na basi. Najua kile ambacho lori hubeba kutoka hospitali. Senge pia anajua. Alikaa chini papo hapo kwenye maganda yake.

Nimechota tope jeusi kwenye karai, nikaenda chumbani kuufunika ule ukuta wangu. Nilisema nikipaka haraka, kabla lori halijaondoka kule, labda.

Nabwire alikuwa amelala mahali pa Mama. Mahali pale pale, uso ukutani. Nilishtuka nikataka kumvuta. Kisha nikaona anazungumza. Anayapa maua majina. Hili la Baba, hili la Senge, hili lililopinda ni lako, dada. Akaniambia nisimwage hilo tope hapo, Mama atakasirika.

Nilisimama mpaka mkono ukafa ganzi. Nimemwaga tope nje.

Kama Mama amekufa, ni mimi. Kama nimeacha ukuta na amekufa, ni mimi mara mbili. Nimeuacha.

Jumamosi, 20 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, nisikosee.

Lori lilikuja baada ya chakula cha mchana ambacho hatukula. Lilikuja polepole. Malori hayaji polepole hapa kwetu Burumba, huja na vumbi na honi. Hili lilikuja kama linatembea kwa vidole. Baba alikuwa amesimama juu ya mizigo, ameshika turubai, hakupunga mkono. Mama Were alitoka akaweka mikono kichwani. Wanawake wengine wakatoka. Mmoja akaanza ile sauti, ile ya chini inayopanda. Senge alinishika mkono, kucha zikaingia.

Mlango wa mbele, upande wa pili wa dereva, ukafunguka. Ukatoka mguu. Kiatu cha Mama, kile chenye kifungo. Halafu mguu wa pili.

Sauti ya yule mama ilikatika katikati.

Alishuka mwenyewe. Amekonda, gauni linamzunguka. Baba akaruka akamshika kiwiko, akawa anaeleza watu kwamba wamekuja polepole kwa sababu amekatazwa mtikisiko, dereva amewahurumia, wana nini kulia? Mama alikuwa hawaangalii. Alikuwa anaangalia ukuta mweupe uliokwaruzwa, nyasi zilizolimwa, watu.

"Nani amekufa hapa?"

Senge alinielekezea mdomo. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Ni mimi, Mama. Nilitaka ukute pazuri. Sikujua."

Aliangalia maganda. Manyoya ya kuku. Meza mlangoni, miguu juu. Aliona yote, niliyaona yakimfikia kidogo kidogo. Akacheka. Kicheko kikavu, kikageuka kikohozi, Baba akaogopa.

"Basi maiti amefika," akasema. "Na ana njaa."

Senge alitema mate pembeni kufukuza hilo neno. Halafu akakaa chini akalia kweli, kwa furaha au kwa uchovu. Mama Were alikimbia kuleta ile sufuria yake tena.

Mimi niliingia nyuma ya jiko nikakaa peke yangu. Nilifikiri hofu itatoka mara moja, kama maji kwenye karai. Haikutoka hivyo.

Jumapili, 21 Agosti

Mama amelala tangu jana, chumbani. Senge alipouona ule ukuta alinitazama tu. Najua atanisema baadaye. Mama mwenyewe alikuwa amechoka, alianguka kitandani bila kuangalia kitu.

Leo mchana nimempelekea uji. Alikuwa ameamka. Amelala upande ule. Uso ukutani.

Nikaweka bakuli chini. Nilitaka kumwita na sikuthubutu, nikijua atakavyogeuka.

Ndipo nikaona kidole chake. Kilikuwa kinafuata ua, taratibu, kutoka jani hadi jani.

"Hili limepinda," akasema.

Nikasema ni Nabwire alinigonga.

Halafu akauliza kama kule kisimani udongo mwekundu bado upo.

Jumanne, 23 Agosti

Mvua kidogo alfajiri.

Senge amerudi Rukala. Hajanisema. Amenipa khanga yake moja, ile ya zamani.

Bado naogopa. Naamka nasikiliza kama Mama anapumua. Nafikiri nitafanya hivyo muda mrefu.

Asubuhi hii nimesikia ufagio uani. Nilifikiri ni Mama Were kwake. Ni kwetu. Unafagia kidogo, unanyamaza, kile kikohozi cha Mama, unaanza tena. Maganda yakiburutwa, manyoya ya kuku.

Sikutoka kusaidia. Nimelala hapa na Nabwire, nasikiliza.